Kishada cha Asmini Nilichokataa Kupeleka

Muaither, Qatar, Alhamisi alasiri

Wakio,

Pasipoti yako nimeirudisha juu ya mashine ya kufulia, na najua umeiona, kwa sababu asubuhi ulibamiza mlango mpaka yule mama Mganda wa upande wa pili akatoka na kanga yake kuuliza nani ameanguka. Nilikosea kuificha. Nalisema hilo mara moja na sitalirudia, maana bado nina hasira na wewe na ningependa uisome barua hii ukijua hivyo. Usidhani nimeketi hapa jikoni kukubembeleza.

"Mama," uliniambia Jumanne, umesimama kando ya friji, "sasa umekuwa kafili wangu? Unanifungia pasipoti kama mtumishi?"

Wewe unawajua wale wanawake wanaokuja kliniki kwetu Al Rayyan. Nimekusimulia mara ngapi? Mtu anakuja kaunta yangu na homa, mke wa kafili wake, yule bosi anayeshika kibali chake, amesimama nyuma yake, naye ananiinamia na kuninong'oneza kwa Kiswahili, dada, nitaipataje pasipoti yangu? Umenisikia nikirudi nyumbani nikiwalaani mabwana zao huku navua viatu. Halafu ukaniweka kundi moja nao. Nami nikakujibu, "Nenda basi. Nenda wakakucheke kama walivyonicheka mimi." Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoambiana, na leo ni Alhamisi.

Ya kupakia sikuandikii. Una miaka ishirini na minne, una digrii, umelea watoto wa watu miaka miwili katika ile nasari ya The Pearl na hakuna hata mmoja aliyevunjika. Unajua kufunga sanduku. Ya dawa, chakula, kanisa na wanaume tumeshayasema, na mengine hutayasikia hata nikiyaandika kwa wino mwekundu. Ninayotaka kukuandikia ni mambo ya Thailand, huko unakokwenda. Umekulia ndani ya maneno yangu kuhusu ile nchi, na baadhi ya maneno hayo ni ya uongo. Sitaki upande nao ndege.

Nianze na yale ya kweli, usije ukafikiri nimelainika.

Ni kweli kwamba shule ya kwanza ilinikataa baada ya kuona picha. Barua zangu walizipenda, vyeti wakavipenda, wakanisikia kwenye simu wakafurahi. Wakala alipowapelekea picha, akanipigia na kuniambia kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, "Wazazi wa pale wanataka mwalimu anayefanana na mwalimu." Nilikuwa nimefundisha darasa la nne Voi miaka tisa. Nilimuuliza mwalimu anafananaje. Akacheka, akasema si neno, atanitafutia shule nyingine. Akanipatia kule mkoani, kaskazini mashariki, mji wa mashamba ya mpunga ambao watalii hawaufiki.

Ni kweli kwamba kwenye bango la lango la shule walimweka kijana wa Kipolandi aliyekuja kufundisha miezi mitatu na Kiingereza chake kilikuwa cha kukokota, nami niliyekaa miaka mitatu sikuwahi kutokea hata kwenye kona. Ni kweli kwamba ndani ya basi kiti cha pembeni yangu kilikuwa cha mwisho kukaliwa. Ni kweli kwamba siku ya kuzaliwa kwangu mama mmoja wa mwanafunzi aliniletea zawadi iliyofungwa vizuri kwa utepe, na ndani kulikuwa na sabuni ya kung'arisha ngozi. Alinipa kwa mikono miwili, akaunganisha viganja mbele ya uso na kuinama, kwa heshima zote za kwao. Watoto wadogo walinisugua mkono kuona kama rangi inatoka. Muuza kuku wa sokoni alinishika nywele kila Jumatatu miaka yote mitatu kama vile Jumatatu iliyopita hakuzishika. Watu waliniambia usoni kwamba nimenenepa, halafu wakaniuliza kama nimekula.

Na lile tabasamu. Wewe umeliona kwenye video zako, wageni wanaozunguka na simu wakionyesha maembe na wali wa nazi, wakisema watu wa huku ni wakarimu ajabu, wanatabasamu tu. Mimi nilianguka na pikipiki mbele ya duka la dawa, goti likachanika hadi mfupa ukaonekana, na watu watatu waliokuja kuniinua walikuwa wanatabasamu. Nililipwa mshahara kwa kuchelewa, karani akatabasamu. Nilimkemea mtoto aliyemwibia mwenzake, mtoto akatabasamu, nikamkemea zaidi, akatabasamu zaidi, mpaka nikatamani kumzaba kofi. Nilikuwa mtu wa Taita ugenini. Kwetu mtu akikukasirikia unajua kwa sababu anakuambia. Kule ungeweza kuchukiwa mwaka mzima na usijue, au kupendwa mwaka mzima na usijue. Hilo la pili nilichelewa kulifahamu.

Kila Jumamosi walimu wageni tulikutana kwenye mgahawa mmoja karibu na kituo cha mabasi. Alikuwepo Mwingereza mzee aliyeoa pale, Msauzi mmoja, kaka mmoja kutoka Kameruni na mimi. Liza, Mfilipino aliyekuwa akifundisha nami, alikuja mara mbili akaacha. Kazi yetu pale mezani ilikuwa kuwasema wenyeji. Hawapangi foleni. Hawasemi hapana. Wanaendesha vibaya. Wanajali uso, yaani heshima mbele za watu, kuliko ukweli. Kila mmoja alileta kisa cha wiki yake na tukakipasha moto pamoja, aliyeleta kibaya kuliko vyote ndiye aliyechekewa zaidi. Nilikuwa hodari, Wakio. Wewe umenisikia hapa Ijumaa baada ya ibada, tukiwa na akina mama wenzangu, nikiwasema Waarabu, Wahindi na Wamisri, mnavyocheka mpaka chai ya karak inawatoka puani. Ufundi ule niliujifunzia kule. Na ubaya wake ni kwamba ifikapo Jumatano nilikuwa natafuta kisa cha Jumamosi. Mtu akinitendea wema sikuuona, kwa sababu mezani usingefaa kitu.

Liza alipoacha kuja nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nikitoka pale siku mbili nzima siwezi kumwangalia mtu vizuri." Nikamwona mnafiki, mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na nimeshainuka mara mbili kwenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Makamu mkuu wa shule alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mjane, tukimwita Mwalimu Malee. Kiingereza chake kilikuwa cha shida na alikionea haya, kwa hiyo alipoongea nami alitumia maneno machache na tabasamu jingi. Nilikuwa nimekuzungumzia kwake tangu mwaka wa kwanza. Alikuwa na picha yako, ile ya sweta la kijani, kwenye droo ya meza yake, nilimpa mwenyewe. Mpango ulikuwa kwamba mwaka wa nne, kwa mkataba mpya, nitakuleta na utasoma pale pale shuleni. Yeye ndiye aliyeukubali. Aliniuliza urefu wako, nikampigia mama mdogo wako Wawuda akakupima kwenye fremu ya mlango, nikamwandikia Malee kwenye karatasi.

Muhula wa mwisho wa mwaka wa tatu, Jumatano asubuhi, Wawuda alinipigia kuniambia babu yako amefariki. Alianguka shambani na hakuamka. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Nilitoka darasani chaki ikiwa mkononi, nikaenda chumba cha walimu kuomba ruhusa. Walimu walikuwa kama ishirini, wanakunywa chai. Nikasimama mbele ya meza ya Malee nikamwambia, "Baba yangu amekufa. Baba yangu mzazi. Nataka kwenda nyumbani."

Akanitazama. Akatabasamu. Akasema, "Si neno. Si neno, mwalimu."

Kwa lugha yao ni maneno matatu mafupi, na utayasikia mara hamsini kwa siku. Mtu akikukanyaga, ni hayo. Mvua ikinyesha juu ya nguo zako, ni hayo. Nilikuwa nimeyasikia miaka mitatu na kila Jumamosi nilikuwa nimeyafanyia kichekesho. Sasa nikayasikia juu ya maiti ya baba yangu.

Niliipiga meza yake kwa kiganja, chai ikamwagika juu ya madaftari. Nilimnyooshea kidole usoni. Nikamwambia, kwa Kiingereza cha polepole na sauti ya uwanjani ili neno lolote lisimpite, kwamba yeye si mtu. Kwamba mbwa wa kwao wana utu kuliko yeye. Kwamba ndiyo maana mume wake alikufa, apate kupumzika kutokana na meno ya tabasamu lake. Ndiyo, Wakio, nilisema hivyo. Nimewasimulia watu kisa hiki miaka mingi na sentensi ile huwa naiacha.

Tabasamu la Malee lilibaki pale pale usoni, ila kitambaa alichokuwa akikaushia chai kilimwanguka. Liza akanishika mkono akanitoa nje.

Mazishini sikufika. Karatasi za kibali cha kutoka na kurudi zisingekamilika kabla ya Jumatatu, na babu yako asingeweza kungojwa. Nilijifungia chumbani kwangu wiki nzima, mapazia yamefungwa. Nilimlilia baba yangu, na katikati ya kulia nilikuwa napanga jinsi nitakavyokisimulia kisa cha Malee mezani Jumamosi. Ni aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kila asubuhi ya wiki ile nilikuta mfuko umening'inizwa kwenye lango. Wali ule wa kunata ndani ya jani, kuku wa kuchoma, siku nyingine supu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira. Nilidhani ni mwenye nyumba anaweka sadaka za kile kijumba cha mizimu kilichokuwa uani. Niliwatupia mbwa wa mtaani. Siku ya tatu walikuwa wananingoja.

Niliporudi kazini, hakuna aliyenitendea ubaya. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Walinisalimu kwa kuinama kidogo zaidi ya zamani. Walinipisha mlangoni. Kiti changu kwenye meza ya chakula cha mchana kiliachwa wazi kama kawaida, na viwili vya pembeni vikaachwa wazi pia. Nikatoa hukumu kwamba ni wanafiki waliothibitika.

Wiki tatu kabla ya mkataba kwisha Liza alinifuata chumbani. Alikuja na maandazi ya ndizi, akakaa kitandani kwa sababu kiti kilikuwa kimoja.

"Mkataba wako mpya uko tayari," akasema. "Umeandikwa. Nimeuona. Lakini hawawezi kukupa kabla hujaenda kwa Mwalimu Malee."

"Niende kwake kufanya nini?"

"Unanunua kishada cha asmini sokoni. Unaingia chumba cha walimu, kwa sababu ndipo ulipomvunjia heshima. Unapiga magoti, unampa, unamwomba msamaha. Anakigusa, anakugusa bega, basi. Dakika mbili."

"Nipige magoti mimi? Kwa mtu aliyechekelea msiba wangu?"

"Hakuchekelea. Hakujua aseme nini. Ulikuwa na uso wa kutisha, naye hana Kiingereza. Alikuwa anakuambia usijali vipindi vyako. Unajua nani alifundisha madarasa yako wiki ile?"

Nikasema sijui, labda yeye Liza.

"Malee. Kiingereza. Alisimama mbele ya watoto wa darasa la sita akasoma kitabu neno kwa neno, na watoto wakamcheka matamshi, na kesho yake akarudi tena. Mwanamke yule ambaye hataki hata kuagiza chai kwa Kiingereza tukiwa tunasikia."

Ningependa kukuandikia kwamba moyo wangu ulivunjika hapo. Haukuvunjika. Niliona Liza ametumwa kunilainisha, na nikamwambia hivyo. Nikamwambia Wafilipino wamezoea kuinama, sisi hatuinami. Akainuka, akaacha maandazi pale kitandani. Alipofika mlangoni akauliza, "Na mtoto wako?"

Nikamwambia mtoto wangu hataki kulelewa na watu wasio na uso halisi.

Wewe ulikuwa na miaka minane. Hukuwa umesema hivyo. Ulikuwa unahesabu wiki kwenye kalenda ya jikoni kwa Wawuda na umemwambia kila mtu darasani kwamba unakwenda kuishi mahali penye tembo waliofugwa.

Siku ya mwisho nilikwenda shuleni kuchukua vitabu vyangu. Ndani ya kishubaka changu cha barua nilikuta mfuko. Ndani mlikuwa na sketi ya shule, buluu iliyokolea, marinda yamepigwa pasi. Ya mtoto. Nikaipima kwa macho tu na nikajua ni ya urefu niliouandika kwenye ile karatasi. Hakukuwa na maandishi yoyote. Sijui mpaka leo kama alikuwa ameinunua kabla ya ile Jumatano au baada yake. Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko ninavyojiuliza mambo ya baba yako.

Niliirudisha kwenye mfuko, nikauacha pale pale kwenye kishubaka, nikaondoka.

Jioni ile mwenye nyumba alikuja kuchukua ufunguo. Kwa ishara na vile vineno vyangu vichache vya lugha yao nikamshukuru, basi tu kwa adabu, kwa chakula alichokuwa akiniwekea langoni wakati wa msiba. Akatikisa kichwa. Akaonyesha kidole upande wa shule. Akaonyesha miwani machoni na fundo la nywele kisogoni, kama Malee anavyofunga. Akaonyesha baiskeli.

Basi la kwenda mji mkuu lilikuwa linaondoka saa tatu baadaye. Nyumba ya Malee ilikuwa njiani kwenda kituoni, nyumba ya mbao yenye maua mekundu kwenye ndoo. Nilipita mbele yake nikivuta sanduku. Alikuwa ameketi barazani anachambua mboga. Tulitazamana. Nami niliyekuwa nimewadharau miaka mitatu kwa kutabasamu pasipo na sababu, unajua nilifanya nini? Nilitabasamu. Nikaendelea kutembea.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo unapohusika.

Nilipotua Mombasa ulinipokea kwa swali moja, "Mama, tunakwenda lini?" Nilikuwa nimelitunga jibu ndani ya ndege. Nikakuambia, "Wamekataa. Wale watu hawataki watoto weusi kwenye shule yao." Ukaniuliza, "Kwani mimi nimefanya nini?" Nikasema hujafanya kitu, ndivyo walivyo.

Miezi minane baadaye nikapata kazi hapa Doha, kazi ya kulala kwenye nyumba ya watu kabla sijapata ya kliniki, na huku mtu wa kazi ya namna ile hakuruhusiwa kuleta mtoto. Ukabaki kwa Wawuda. Ulikuja ukiwa na miaka kumi na minne, una matiti na una siri, na kwenye uwanja wa ndege ulinipa mkono kama mtu anayemsalimu mwalimu mkuu. Miaka sita, Wakio. Siku zote nimekuambia miaka ile ililiwa na ubaguzi wa watu wa Thailand. Ubaguzi ulikuwepo, nimekuandikia sabuni na bango na picha. Lakini miaka ile sita haikuliwa na hayo. Mkataba ulikuwa umeandikwa. Nafasi yako darasani ilikuwepo. Sketi ilikuwepo. Iliyokosekana ni dakika mbili za magoti yangu.

Kuna jambo jingine, na hili Wawuda alinieleza majuzi tu, nilipompigia kumlalamikia kwamba unakwenda. Alisema mwaka ule, baada ya mimi kukupa lile jibu, alikukuta bafuni na jiwe la kusugulia nyayo. Ulikuwa umejisugua magoti na viwiko mpaka damu. Ukamwambia unajaribu tu kidogo, uone. Miaka yote hii hakuniambia kwa sababu ulimwomba asiniambie. Mtoto wa miaka minane akanifichia aibu yangu, nami nikiwa sijui ninayo.

Nilipokata simu ndipo nilipoichukua pasipoti yako droo ya juu nikaiweka ndani ya gunia la mchele. Sikuificha kwa sababu naogopa wakucheke. Nilijiambia hivyo, na Jumanne nilikuambia hivyo kwa ukali, lakini nilikuwa naogopa uende, ukae, wakutendee vizuri. Kwamba utaniandikia, "Mama, mbona watu wenyewe wako sawa tu?" Halafu uanze kuhesabu nyuma.

Basi nimekuhesabia mwenyewe.

Siipendi ile nchi, na barua hii haitaniponya. Utakutana na bango na utakutana na kiti kitupu ndani ya basi, na siku hizo ukinipigia nitawatukana pamoja nawe kwa moyo wote, nina akiba ya kutosha. Lakini usiniletee visa vya kunifurahisha. Ukijikuta Jumatano unatafuta kisa cha kunisimulia Ijumaa, funga mdomo, nami nitauliza habari za hali ya hewa. Na ukija kumkosea mtu mbele ya watu, utamkosea tu, una ulimi wangu, basi usingoje kuelewa kwanza ndipo uende kuomba radhi. Mimi nilingoja kuelewa. Nilielewa nikiwa kwenye basi.

Najua umeshafikiria kumtafuta Malee, wewe ndivyo ulivyo. Usimtafute. Kama yu hai ni bibi kizee sasa, na deni la yale maneno kuhusu mume wake si la kubebeshwa binti. Nimeandika barua nyingine, fupi, kwa Kiingereza chepesi anachoweza kukisoma mwenyewe bila kumwomba mtu. Nimeituma leo mchana kwa anwani ya shule, nikitoka kazini. Huenda isifike. Huenda ikafika na asijibu, na itakuwa haki yake.

Wewe ni jambo tofauti, kwa sababu wewe uko chumba cha pili na nimeshindwa hata kubisha hodi. Sikuombi uniambie si neno. Ukiniambia hivyo kesho nitajua unanidanganya.

Gari nitalipeleka chini kesho saa kumi jioni, la kukupeleka uwanja wa ndege, nitakaa ndani nimewasha AC. Nitangoja mpaka saa kumi na moja unusu, hata yule mlinzi akinipigia kelele kwamba nimeziba njia. Ukiamua kuita teksi, ita, sitaifuata nyuma. Usiposhuka nitajua umeisoma barua hii mpaka hapa, na hilo ndilo jibu lako. Ukishuka, sanduku weka nyuma, wewe kaa mbele.

Mama